Nani Aliyejenga Treni ya Mezani

Kindu, 11 Machi 1956

Kwa mpwa wangu Félicien,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mama yako Mwanahamisi hajambo, ila lile goti la kushoto linamsumbua kila asubuhi mpaka jua lipande. Mbuzi wake mweusi amezaa mapacha, na mmoja amekwisha kula ukingo wa mkeka wangu wa kuswalia. Mto Lualaba umejaa hadi ngazi ya tatu ya bandari. Msalimu mkeo Victorine, mwambie mihogo aliyoipanda kabla hamjahama tumeichimba, na ilikuwa mitamu.

Sasa neno langu. Gazeti la huko Stanleyville limefika hapa wiki iliyopita. Karani wa stesheni, huyu aliyekalia kiti chako, alikuja nalo mpaka kambini kwetu. Nikaona picha. Wewe umesimama nyuma ya meza, umevaa tai, mkono uko juu ya kichwa cha treni. Chini wameandika kwa Kifaransa na karani akanitafsiria: Bwana Félicien na treni yake. Nilimwambia asome tena, labda amekosea. Akasoma tena, ikawa vile vile.

Treni yake. Jumapili za miaka sita nimekaa uani nakata pete za mapipa ya mafuta kufanya reli. Springi niliitoa kwenye gramafoni iliyokufa, magurudumu nimeyachonga kwa tupa mpaka vidole vikakosa ngozi. Stesheni yetu, bandari, daraja, kona ya Kibombo, hata jiko la mama yako na kinu chake mlangoni, vyote ni mikono hii. Wewe ulikuwa unasimama kando siku za sikukuu na kuwaeleza watu kwa Kifaransa. Kampani ya reli iliponinyima ruhusa ya kusafiri, nilikupa uipeleke kwenye onyesho moja tu, kisha uirudishe kwa meli. Tulipatana hivyo mlangoni kwa mama yako, naye alisikia.

Basi niandikie. Ilikwendaje? Kona ya Kibombo ilipita bila kuanguka? Na watu walipouliza ni nani aliyejenga, uliwajibu nini? Ufunguo wa springi usimpe mtu.

Mjomba wako,
Bulaimu


Stanleyville, 22 Aprili 1956

Mjomba wangu mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na mama na majirani wote. Barua yako ilichukua wiki tatu, nasikia meli iliharibika kabla ya Ponthierville. Sisi tu wazima. Victorine ana mimba ya miezi mitatu na hataki kusikia harufu ya samaki, na katika mji huu ukikataa samaki umekataa kula. Mwambie mama asihangaike, jirani yetu ni mkunga.

Treni ilikwenda vizuri kuliko tulivyofikiri. Siku tatu nilisimama nyuma ya ile meza. Nilipiga kengele mara mbili, nikashusha kizuizi cha barabara, nikazungusha ufunguo mizunguko kumi na minane kama unavyofanya wewe, kisha nikangoja mpaka watu wanyamaze. Wanyamaze kabisa. Hapo ndipo nilipokuwa naachia breki. Watu wa Kindu waliohamia huku walikuja wote, kila mmoja anatafuta paa lake. Mama mmoja wa mtaa wa Kasuku aliona jiko la kwetu, akawaambia wenzake kwa Kiswahili cha kwetu: "Ile njo nyumba ya Mwanahamisi. Muangalie, hata kinu iko." Akasimama pale mpaka askari wa mlangoni akamwomba awapishe wengine.

Nikuambie ukweli, mjomba. Huko Kindu hukuniachia ule ufunguo hata siku moja. Wewe unazungusha, mimi nasema maneno, watu wanatazama mkono wako. Nilikuonea wivu mpaka mate yakanikauka. Sasa najua kwa nini hukutaka kuuachia.

Kuhusu gazeti, hawa waandishi huandika wanavyotaka. Usilitie moyoni.

Jambo moja dogo. Kwenye viungo vya reli kulikuwa na nafasi, unaweza kupitisha ukucha. Magurudumu yalikuwa yanagonga ta-ta, ta-ta, na bwana mmoja akacheka, akasema kazi haijamalizika. Nilipata aibu. Nimemwita fundi baiskeli, tumevilehemu viungo vyote arobaini na viwili na kuvipiga tupa mpaka vikawa laini. Sasa treni inateleza kama juu ya mafuta. Utafurahi ukiiona.

Bukavu wanaitaka mwezi wa saba. Nimekubali kwa niaba yako.

Mpwa wako,
Félicien


Kindu, 17 Juni 1956

Félicien,

Sisi tu wazima. Mama yako anatafuta jina la mjukuu, kila siku ana jipya. Kiangazi kimeanza, vumbi la Kasuku linaingia mpaka kwenye chungu. Mzee aliyekuwa anauza petroli karibu na msikiti amefariki, tulimzika Ijumaa.

Barua yako ilifika mwanzoni mwa Mei. Nilianza kukujibu, sikumaliza, nikaiweka karatasi.

Umekubali kwa niaba yangu. Sikujua kwamba nina niaba huko. Kuhusu viungo ulivyovifunga, unasema treni inateleza. Haya. Wewe ndiwe uliyeko mezani.

Nikupe habari za hapa. Mama yako anatembea sokoni na lile gazeti amelikunja ndani ya kitenge. Akikutana na mtu, analitoa. "Mutoto yangu njo alitengeneza ile train." Mimi nimesimama ubavuni mwake nimeshika kapu. Nimwambie nini dada yangu mbele ya watu? Mbaraka naye, yule kapita wetu, msimamizi wa kundi, aliyeingia kazini miaka minane nyuma yangu na leo ananihesabu asubuhi kama kuku, ameniuliza mbele ya kundi zima: "Bulaimu, njo kweli mwipwa wako iko fundi hivi? Alijifunza kwa nani?" Wenzangu wakacheka. Nikasema alijifunza kwa Mungu.

Sasa nisikilize vizuri. Bwana mkubwa wa njia ya reli aliiona treni hapa sikukuu ya mwaka jana, na anajua kazi ni yangu. Wiki iliyopita aliniita. Aliniambia kwamba mwezi wa kwanza atatoa orodha ya makapita wapya, jina langu ameliandika kwa penseli, na kama litasomwa kwenye moja ya hayo maonyesho makubwa, ataliacha. Miaka kumi na tisa nimepanga reli za watu, Félicien, na bado naitwa msaidizi. Sitaki kitu kingine kwako. Nataka jina langu lisomwe.

Kwenye ile kadi ya mezani inayomtaja mjenzi, umeandika nini? Nilikuuliza mwezi wa tatu uliwajibu nini watu, ukanijibu habari za samaki.

Bulaimu


Bukavu, 29 Julai 1956

Mjomba,

Salamu kutoka kwenye baridi. Hapa watu wanavaa makoti mchana, na ziwa liko chini yetu limetulia. Victorine nimemwacha Stanleyville na dada yake, anaendelea vizuri na samaki ameanza kula tena.

Treni haikuanguka hata mara moja. Siku nne, safari themanini na sita kutoka Kindu hadi Kibombo na kurudi. Hakuna kelele, hakuna kugonga. Meza ya jirani yetu ilikuwa na kinu cha maji cha kuchezea kilichotengenezwa na wanafunzi wa misheni, na mchana wa pili wale wanafunzi walikiacha kinu chao wakaja kutazama treni. Wenye maonyesho wametupa nafasi ya kwanza. Wametuandikisha pia kwenda Elisabethville, kwenye maonyesho makubwa ya Oktoba, ambako mabwana wa reli wenyewe ndio waamuzi.

Nimeomba likizo yangu yote. Nitakuja na lori kwa barabara inayopitia mji wa Kama, nivuke mto hapo kwetu, nilale usiku mmoja kwa mama, kisha nipande treni ya kusini. Ningojeni tarehe ishirini ya Septemba.

Neno la bwana wa njia nimelisoma, na nimefurahi. Tutazungumza nikifika.

Félicien


Kindu, 23 Septemba 1956

Félicien,

Mama yako anasema ulisahau soksi, amezifua na kuzianika. Amefurahi kukuona umenenepa.

Tulikula pamoja, tulicheka, hatukuzungumza. Kila nilipofungua kinywa uliniuliza habari za mbuzi. Asubuhi ulipokwenda misa nilifungua sanduku la kwanza, lile nililolitengeneza kwa mbao za kreti za sabuni. Kadi umeibandika ndani ya kifuniko. Nilimwita mtoto wa jirani anayesoma kwa mapadri anisomee kile Kifaransa, ingawa jina lako naweza kulisoma peke yangu. Imeandikwa kwamba mjenzi ni Félicien. Nilitazama nyuma ya kadi, nikatazama na chini ya mbao. Langu halipo.

Ulinikuta nimekaa kwenye baraza, ukadhani nimechoka. Nilikubebea masanduku mawili hadi stesheni, na nikayafunga kamba mimi mwenyewe ndani ya behewa, kwa sababu wachukuzi hawajui kufunga. Mafundo yalikuwa mazuri. Safari njema.

Bulaimu


Elisabethville, 28 Oktoba 1956

Mjomba wangu,

Victorine amejifungua salama mtoto wa kike tarehe kumi na tisa, simu ya maandishi imenifikia hapa. Mwambie mama aache kutafuta majina ya kiume.

Sijui nianzie wapi mengine. Nitaandika tu.

Hapa Oktoba ni joto ambalo sisi wa Kindu hatulijui, kavu, linachoma macho. Tulipewa banda la bati bila dari. Asubuhi treni ilikwenda vizuri. Saa nane mchana waamuzi walikuja watatu, nyuma yao watu labda mia mbili. Nikapiga kengele, nikazungusha mizunguko kumi na minane. Watu wakanyamaza. Treni ikatoka Kindu, ikapita jiko la mama, ikapanda daraja. Nikaiona reli kabla yao. Kwenye kona ya Kibombo ilikuwa imejikunja na kuinuka juu ya mataruma, urefu wa mkono mzima. Nikanyoosha mkono kushika breki, nikachelewa. Kichwa kikaruka mezani na mabehewa matano yakafuata mpaka sakafuni. Bomba la moshi limevunjika. Watu walicheka, mjomba. Mia mbili.

Mwamuzi mmoja ni mtu mzima aliyefanya kazi ya njia miaka mingi, anajua Kiswahili chetu. Aliinama, akapitisha kidole juu ya reli, akaniuliza taratibu: "Nafasi ya rail iko wapi? Jua ikipiga chuma, chuma itaenda wapi? Njo weye ulitengeneza?"

Nilisema hapana.

Nilisema mjenzi ni mjomba wangu, Bulaimu, wa kundi la njia la Kindu. Nilisema mimi ni karani, nimeletewa kitu kilivyo, sijui mambo ya reli. Nilitamka jina lako vizuri na herufi zake nikamtajia. Akaandika kwenye kitabu. Baadaye walisoma hukumu kwa sauti mbele ya watu wote: kazi ya Bulaimu wa Kindu, nzuri kwa macho, reli zimewekwa na mtu asiyejua reli. Wamesema watampelekea bwana wako nakala.

Uliniomba lisomwe. Limesomwa hivyo.

Fomu ya maonyesho ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina la mjenzi, huo ndio ukweli, lakini ningeweza kuandika lako. Nilipofika kwenye ule mstari nilikumbuka mkono wako juu ya ufunguo na watu wote wanautazama. Nikaandika langu. Ya pili ikawa rahisi zaidi.

Nakuomba msamaha. Viungo nilivifunga mimi. Sikujua.

Félicien


Kindu, 25 Novemba 1956

Mpwa wangu Félicien,

Mtoto tumemsikia na tumefurahi. Mama yako alipika wali wa watu thelathini, na amesema jina la mtoto wasilipange wengine. Goti limepoa. Mvua zimerudi na mbuzi wote wanalala jikoni.

Bwana mkubwa wa njia aliniita Jumatatu. Nakala ilikuwa mezani kwake. Mbaraka alikuwepo, amesimama dirishani, anajifanya anatazama mvua. Bwana akaniuliza: "Bulaimu, njo weye uliweka ile rail?"

"Njo miye, bwana."

"Miaka kumi na tisa, na haujue kuacha nafasi?"

Félicien, mfukoni mwa shati langu nilikuwa na barua yako ya Aprili. Imeandikwa kwa mkono wako kwamba ulivifunga wewe na fundi baiskeli, viungo arobaini na viwili. Ningeitoa tu na kuiweka juu ya meza. Mkono ulikwenda mpaka kwenye kifungo. Lakini ile barua ina tarehe. Bwana angeisoma, kisha angeniuliza: uliipata lini hii? Na tangu Mei mpaka Oktoba ulikuwa unafanya nini?

Nikaushusha mkono. Amelifuta jina langu kwenye orodha mbele yangu, kwa rula, mstari ulionyooka vizuri.

Ulisema hukujua. Mimi nilijua. Humu ndani ya bahasha utaikuta barua ya zamani, soma tarehe yake. Kama karatasi italowana njiani, nakuandikia tena hapa ilivyokuwa:

"Kindu, 13 Mei 1956. Félicien, tafuta msumeno mdogo leo hii na ukate lehemu yote. Ile nafasi sikuisahau, niliiweka. Hata njia kubwa tunaiachia nafasi, kwa sababu chuma hukua kikipata jua. Bukavu kuna baridi, haitakudhuru, lakini ukiipeleka penye joto reli itajikunja na treni itaanguka. Anza na kona ya Kibombo, ndiyo"

Niliishia hapo. Mama yako aliingia uani na wageni, amelishika gazeti, anawaonyesha mahali mwanawe alipokaa kujenga. Akaonyesha kigoda changu. Nikaikunja karatasi nikaiweka chini ya godoro.

Na ile asubuhi ulipokuwa misa, msumeno ulikuwa kwenye mfuko wangu wa kazi, hapo miguuni. Nilipitisha kidole kwenye reli zako laini. Kabla misa haijaisha ningekuwa nimekata viungo vyote vya ile kona. Nilitazama kadi, nikafunga kifuniko. Nilitaka uanguke. Nilitaka watu wakucheke, warudi kuniuliza mimi. Sikufikiri kwamba ungekuja kunitaja jina hapo hapo, baada ya kulificha miezi yote hiyo.

Basi tusiombane msamaha sana. Wewe uliniibia jina na mimi nilikuibia neno, na wote wawili tumeiangusha treni. Mbaraka ataendelea kunihesabu. Nikimsikia akiita "Bulaimu" asubuhi nazidi kukukasirikia, halafu nakumbuka godoro. Bado nina wivu, sitakudanganya. Nikifikiri wale watu walivyonyamaza wakikungoja wewe uachie breki, silali vizuri.

Irudishe kwa meli ya mwezi wa kwanza, na uje nayo mwenyewe. Bomba la moshi nimekwisha kulitengeneza kwa mkebe wa maziwa. Viungo utavikata wewe, vyote arobaini na viwili, na mimi nitakaa kwenye kigoda changu nikikutazama. Siku ya sikukuu tutaiweka mbele ya stesheni, na utazungusha ufunguo. Mara tisa. Tisa zilizobaki ni zangu.

Ile kadi usiibandue, itachana mbao. Andika tu jina langu chini ya lako. Hapana. Andika juu.

Mjomba wako,
Bulaimu